Nilifumba Macho, Akafunga Mizigo

Mpenzi msomaji, ngoja nianze na aibu yenyewe, nisije nikaizunguka mpaka ukurasa ukaisha.

Jumamosi moja asubuhi, Desemba ya mwaka jana, nilikuwa nimekaa kwenye mto wangu chumbani, miguu nimeikunja, macho nimeyafumba, naangalia pumzi. Kutoka chumba cha pili nikasikia zipu. Zipu ndefu, ya begi kubwa, si ya mkoba. Sasa, mtu anayefanya mazoezi haya hufundishwa kwamba sauti ikija usiikimbilie wala usiifukuze. Tambua tu kwamba umesikia, kisha rudi kwenye pumzi. Nikajisemea kimoyomoyo: kusikia, kusikia. Nikarudi kwenye pumzi. Nikasikia viatu vya binti yetu kwenye vigae. Kusikia, kusikia. Nikasikia geti. Nilipofumbua macho baada ya dakika zangu ishirini, nimetulia kama maji ya mtungini, nyumba ilikuwa tupu na mezani pana kikaratasi: "Tumekwenda Handeni kwa mama. Ukimaliza kukaa, chakula kiko kwenye friji."

Miezi minane nilikuwa najifunza kutulia. Na kweli nilitulia, mpaka begi la mke wangu likanipita kama mlio wa kunguru.

Mimi ni mhariri. Kazi yangu ni kusoma maneno ya watu na kuyapunguza. Chuoni nilisomea mawasiliano, shahada nzima, na mke wangu ana utani wake juu ya hilo: ati ameolewa na mtu wa mawasiliano asiyepatikana. Ana haki. Wakati gazeti linakwenda mtamboni, ujumbe wa sauti anaonitumia nilikuwa nausikiliza kwa kasi mara mbili. Sauti yake inakuwa kama ya kuku aliyekurupushwa, mimi nadaka neno ninalolihitaji (mkate, ada, gesi), basi, naendelea na kazi. Ulimi nao ulikuwa tatizo. Sijawahi kumnyanyulia mkono, na kwa miaka mingi nilidhani hilo peke yake linatosha kuniita mume mwema. Ila maneno nilikuwa nayo. Mhariri anajua pa kukata.

Usingizi ulipoanza kunikimbia, saa tisa za usiku naangalia dari, rafiki mmoja wa kazini akanichukua mpaka kwenye hekalu la Wabudha, palepale Dar es Salaam, katikati ya jiji. Njia zile nimezipita miaka nenda rudi bila kujua. Hekalu lilianzishwa mwaka 1920 na Wasinhala, watu wa Sri Lanka waliokuja kufanya kazi Tanganyika enzi hizo nchi yao ikiitwa Ceylon, na wengi hulitaja kuwa ndilo kongwe kuliko yote barani Afrika. Uani kuna mti wa bodhi, jamaa wa mikuyu yetu hii hii, majani yake kama kopa za karata zenye mkia. Inasemekana asili yake ni mti mtakatifu wa Anuradhapura huko kwao. Chini ya mti wa aina hiyo, kaskazini mwa India, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, ndipo Siddhartha Gautama alipokaa mpaka akawa Buddha, yaani aliyeamka.

Nilitegemea kuambiwa niiname mbele ya sanamu. Hakuna aliyeniambia. Niliambiwa nikae.

Ukitaka kujaribu, hakuna siri. Kaa kwenye kiti au chini, mgongo wima lakini usikaze kama askari wa gwaride. Funga mdomo. Angalia pumzi inapogusa matundu ya pua: inaingia baridi kidogo, inatoka na joto kidogo. Hesabu inapotoka, moja, mbili, mpaka kumi, kisha anza tena. Hutafika kumi. Ukifika nne utakuwa unajibu barua pepe ya bosi kichwani, ukifika sita uko kwenye ugomvi wa mwaka juzi na unaushinda. Ukigundua umeondoka, usijigombeze, rudi kwenye moja. Huko kurudi ndiyo zoezi lenyewe. Wengi huacha wiki ya kwanza wakidhani wameshindwa kwa sababu akili inatangatanga. Akili ya nani haitangitangi? Dakika kumi zinatosha, na foleni ya Ubungo ni darasa zuri kuliko unavyofikiri.

Wapo wanaoliita zoezi hili tahajudi. Kwetu Tanga tahajudi ni sala ya usiku wa manane, kwa hiyo neno hilo sitalichukua kwa wenyewe. Mimi nasema kukaa tu.

Na si jambo la wazungu wenye muda, kama jirani yangu anavyodai. Ni kweli Marekani, Jon Kabat-Zinn aliliingiza hospitalini mwaka 1979, kwenye chuo cha tiba cha Massachusetts, akalivua mavazi ya dini na kuwapa wagonjwa wenye maumivu sugu, na kutoka hapo likasambaa mpaka kwenye maofisi. Lakini hapo Uganda tu yupo Bhante Buddharakkhita, Mganda, aliyekwenda India mwaka 1990 kusoma, akakutana na watawa wa Kibudha, na miaka kumi na miwili baadaye akawa mtawa mwenyewe. Mwaka 2005 akaanzisha Kituo cha Wabudha cha Uganda, upande wa Entebbe. Ukiona picha yake, kipara na shuka lake la rangi ya zafarani katikati ya migomba, unaelewa kwamba pumzi haina kabila.

Basi nikawa mwanafunzi mzuri. Usingizi ukarudi. Ofisini nikaacha kuwafokea wasanifu wa kurasa, wakaanza kuniita Sheikh Buddha. Nikanunua mto. Nikajua maneno: dukkha, ile karaha ya maisha isiyokwisha, ambayo wapo wanaoifananisha na gurudumu lenye ekseli isiyokaa sawasawa, kama baiskeli yenye ringi iliyopinda, inakwenda lakini inakutikisa mgongo. Na anicca, kwamba hakuna kinachodumu. Hilo la pili nililipenda mno. Nililibeba mfukoni kama mtu aliyeokota ufunguo.

Sasa nafika penye uzito. Mke wangu amesoma sehemu hii kabla yako na amefuta sentensi mbili. Mhariri kahaririwa, na zimebaki zilizobaki.

Septemba mimba yake iliharibika. Ilikuwa na miezi mitatu na ushee. Tulikwenda hospitali usiku, tukarudi asubuhi na mfuko wa dawa. Hakukuwa na la ziada. Kwetu mtu akifa, hata kama mlikuwa hamsalimiani, watu wanajaa. Kuna turubai, kuna viti vya kukodi, kuna daftari la rambirambi, kuna mashangazi wanaopika na kugombana juu ya chumvi. Mimba ikitoka hakuna hata kimoja cha hivyo. Jumatatu mtu anarudi kazini. Anayejua kilichopotea ni mmoja tu, na waliomzunguka wanamwambia, usijali, utapata mwingine.

Usiku wa tatu alikuwa analia, ameupa uso ukuta. Nami nikaleta la kwangu. Kwa ile sauti ya upole niliyoichuma hekaluni, nikamwambia: "Kila kitu kinapita, mke wangu. Kinachokuumiza si kilichotokea. Ni vile unavyokishikilia."

Akanyamaza palepale. Nikadhani limemwingia. Nikalala vizuri.

Kuna fundisho la Buddha juu ya mishale miwili. Mtu akichomwa mshale, anaumia, hilo halina mjadala. Lakini mtu asiye na mafunzo huchomwa na wa pili hapo hapo, yaani hasira, kujilaumu, kwa nini mimi, na huo wa pili mara nyingi ndio unaokaa zaidi mwilini. Nililipenda fundisho hili kwa sababu nilidhani linamhusu yeye. Nilimwona mke wangu anajichoma mwenyewe. Nilichukua miezi mitatu kugundua kwamba mshale wa pili ulitoka kwenye upinde wangu, tena nikiwa nimekaa mkao mzuri.

Baada ya usiku ule hakunililia tena. Mimi nikaongeza vikao, asubuhi na jioni. Akianza kusema jambo la hospitali, nahisi kifua kinabana, nakwenda kwenye mto. Ukinitazama ungesema huyu baba katulia kweli. Ni raha iliyoje kuukimbia ugomvi na bado ukaitwa mtu wa amani!

Mke wangu si mtu wa kukaa gizani, akaenda kusoma mwenyewe. Jioni moja akasimama mlangoni. Kawaida huniita Baba fulani, kwa jina la binti yetu. Akiniita kwa jina langu kamili najua kuna kesi. Siku ile aliniita jina kamili.

"Huyo Buddha wako," akasema, "si ndiye aliyemwacha mke na mtoto mchanga usiku, wamelala, akaenda kutafuta amani yake?"

Ni kweli. Ndivyo wasimulizi wa Kibudha wenyewe wanavyoeleza, hawafichi. Mwana wa mfalme, miaka 29, mkewe Yasodhara kajifungua, yeye akapanda farasi na kuondoka. Mtoto aliitwa Rahula, jina ambalo simulizi hulieleza kuwa ni kifungo, pingu. Nikamjibu mke wangu kwamba yale ni mambo ya kihistoria, yana muktadha wake. Muktadha! Akanitazama, akacheka kidogo puani, akaenda kuangalia wali. Wiki mbili baadaye ndiyo ile zipu.

Sikumfuata mara moja. Nilituma ujumbe, ukajibiwa kwa neno moja moja. Siku ya kumi mama yangu akapiga simu kutoka Ngombezi. Habari zilishamfikia, Korogwe na Handeni si mbali kwa maneno. "Ukweni huendi peke yako kama mtu anayekwenda kukata tiketi," akasema. "Pita hapa kwanza. Mjomba wako yupo."

Ukitoka Korogwe mjini kuelekea Mombo, mkonge unakupokea, mistari imenyooka kama ya daftari, na mkono wa kulia milima ya Usambara imekaa kimya na mawingu yake. Ngombezi ndipo nilipozaliwa. Babu mzaa mama alifika huku na namba ya mkataba, manamba kama wenzake, hakurudi kwao. Mjomba alikata mkonge mpaka mgongo ulipomwambia basi.

Mama hakusubiri nimalize chai.

"Nasikia siku hizi unaabudu pumzi."

"Siabudu mama. Naziangalia tu."

"Pumzi unaziangalia wewe. Na rakaa nani anakuangalizia?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikajitetea kisomi, nikamwambia kwamba kitu kuwa cha kigeni si kosa, hata huu mkonge unaotuzunguka ni mgeni, aliuleta Mjerumani, Dkt. Richard Hindorf, mwaka 1893 kutoka Florida, miche elfu moja ikasafirishwa na 62 tu ndiyo iliyofika hai, na leo nani anaweza kusema mkonge si wa Tanga?

"Umesema vizuri," mama akasema. "Mkonge aliuleta Mjerumani. Walioota sugu ni baba yangu na kaka yangu." Akanimiminia chai nyingine.

Mjomba ndiye aliyetaka kujua zaidi, maana anapenda habari za kazi, kazi yoyote. Nikamweleza jinsi ya kuhesabu pumzi mpaka kumi, na jinsi akili inavyotoroka katikati.

"Kumi tu?" akauliza. "Sisi tulihesabu thelathini. Fungu moja la mkonge ni majani thelathini. Unakata jani, unaondoa mwiba wa ncha, unahesabu. Ukifika kumi na tisa ukalikumbuka deni la dukani, umepotea. Hujui ni kumi na tisa au ishirini na moja. Unamwaga fungu, unaanza moja."

"Na ukikasirika?"

"Ukasirike?" Akanionyesha kovu chini ya jicho. "Mwiba unakusubiri hapo hapo ukasirike." Akatikisa kichwa. "Kumbe hilo nalo mtu anakwenda kufundishwa mjini."

Nilicheka, lakini usiku ule nililala na lile kovu akilini. Mimi nikipoteza hesabu kwenye mto wangu laini, hakuna kinachonichoma. Waliochomwa wako chumba cha pili.

Kabla ya kulala, mama aliniuliza kitu kingine. "Mkeo mlimwekea msiba?"

"Msiba gani mama? Ilikuwa miezi mitatu."

Akachukua tochi ya simu, akanitoa nje. Nyuma ya jiko, karibu na mwembe ule ule niliokuwa naupanda nikiwa mtoto, akamulika chini. Palikuwa na majani makavu tu na kifuu cha nazi. "Hapa wawili," akasema. "Kabla yako. Mmoja wa miezi minne, mwingine hata sikumhesabu. Kaka zako au dada zako, Mungu ndiye anayejua."

Miaka thelathini na ushee nimekuwa mtoto wa kwanza wa mama yangu. Nikamwuliza baba, marehemu, alisemaje.

"Baba yako hakusema kitu. Alikaa. Siku saba alikaa pale mlangoni, kwenye korona hakwenda, mnyapara akamkata posho. Nikiamka usiku namwona mgongo. Akiniletea maji hajui aniwekee wapi." Akazima tochi. "Mpaka leo nikiwa na hasira naye, naukumbuka ule mgongo, hasira zinapungua."

Asubuhi akanituma sukari ya kwenda nayo ukweni. Kutoka kwetu mpaka dukani ni nyumba sita au saba, dakika tano kwa mwendo wa uvivu. Nilichukua karibu saa mbili. Mama alishawaambia wenzake. Kila mlango palikuwa na mtu: "Pole baba, tumesikia. Na mwenzio mpe pole." Kisha sauti inashuka. Mimi nilipoteza wa kwanza. Mwanangu yule wa Tanga, naye mwaka juzi, mapacha. Mzee mmoja, niliyemjua kwa ukali tu tangu utoto, alinishika mkono kwa muda mrefu bila kusema chochote, halafu akasema, "Haya, nenda, jua linapanda."

Nikiwa nimesimama dukani ndipo nikakumbuka kisa cha Kisa Gotami, mwanamke wa zama za Buddha. Nilishakisoma mwezi wa kwanza, nikajiona nimekielewa. Mtoto wake wa pekee kafa, naye akawa anazunguka na maiti mikononi akiomba dawa. Akapelekwa kwa Buddha. Buddha akamwambia dawa ipo, aniletee punje za haradali, ila ziwe zimetoka kwenye nyumba ambayo hajawahi kufa mtu. Akagonga mlango baada ya mlango. Haradali zipo kila nyumba, nyumba isiyofiwa haipo. Jioni akaenda kumzika mtoto.

Mimi, mhariri, kisa hiki nilikikata mpaka ikabaki sentensi moja: kila kitu kinapita. Nikampelekea mke wangu hiyo sentensi kitandani. Lakini Buddha mwenyewe hakumwambia Gotami sentensi hiyo. Angeweza, alikuwa nayo. Alimwacha atembee, agonge, afunguliwe, aambiwe pole na watu wenye majina ya wafu wao. Nilichokiona bora kukikata ndicho kilichokuwa dawa.

Kesho yake mimi na mjomba tukapanda gari la Handeni, kilomita kama 65 kutoka Korogwe. Mjomba kavaa kanzu na koti, kashika fimbo asiyoihitaji. Njiani nikawa nasoma kwenye simu kilichotokea kwa Yasodhara baadaye, maana mke wangu alinipa nusu ya kisa na mimi kwa aibu sikuwahi kuitafuta nusu ya pili. Simulizi zinasema Buddha alirudi kwao miaka kadhaa baadaye. Watu wote wakatoka kumlaki, Yasodhara hakutoka. Alisema kama ana thamani yoyote, atafuatwa alipo. Na Buddha alimfuata, mpaka chumbani, na akaagiza kwamba vyovyote mwanamke yule atakavyompokea, asizuiwe. Akalia mpaka akatosheka, ameishika miguu yake.

Sisemi kwamba hilo linafuta usiku wa farasi. Kwangu halifuti, na nadhani kwa Yasodhara halikufuta. Nimelitaja kwa sababu nilikuwa kwenye basi naelekea chumba ambacho hakikutoka kunilaki.

Ukweni mjomba alifanya kazi yake. Shikamoo zikapita, sukari ikapokelewa, mvua zikazungumzwa, mpaka akakohoa na kusema kwamba sisi watu wa Ngombezi tumekuja, tuna mtoto wetu hapa aliyekosa, na hatukuja kumdai mtu, tumekuja kuomba radhi na kumpa mwenzetu pole ya msiba tuliochelewa kuufikia. Alitumia neno hilo, msiba. Mama mkwe akainua kanga, akajifuta macho. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kulisema.

Mke wangu tulimkuta uani, chini ya mwarobaini, anachambua mchele. Mjomba akajifanya anaangalia kuku wa jirani, akapotea.

Nilikuwa na hotuba. Kuna kipimo cha Buddha juu ya maneno, nilikiandika kwenye kadi na kukibandika juu ya kompyuta ya kazini: neno liwe la wakati wake, liwe la kweli, liwe la upole, liwe na faida, na litoke kwenye moyo wa kumtakia mtu mema. Kazini nilikitumia kwenye barua pepe, na nakwambia, barua pepe tano kati ya kumi hazitumwi. Nikaipitisha hotuba yangu hapo. Ikakwama kwenye la kwanza, wakati. Nikaiacha.

"Nieleze ya hospitali," nikamwambia. "Sikuwepo."

"Ulikuwepo."

"Nilikuwa kwenye benchi, nahariri kwenye simu."

Akaendelea kuchambua mchele, akatoa jiwe, akalitupa. Kisha akaeleza. Sitayaandika yote, ni yake. Alieleza baridi ya kile chumba, na fomu aliyopewa asaini huku mikono inatetemeka, na kwamba alishaanza kufuma kofia ya uzi, imefika nusu, imo kwenye begi lile la zipu. Alisema siku niliyomwambia kila kitu kinapita, alijiona amelala na redio.

Mara nne au tano neno lilinipanda mpaka kooni. La kujitetea, kwamba na mimi niliumia, kwamba gazeti lilikuwa linakwenda mtamboni. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza pumzi ilinifaa kwa kazi yake. Nilihisi neno likija, joto shingoni, ulimi unajiandaa. Pumzi ikaingia, ikatoka. Moja. Neno likashuka. Nikarudi kwake. Akasema tena, neno likapanda tena, nikaanza tena kwenye moja. Macho nilikuwa nimeyafumbua.

"Sasa niambie," akasema mwishoni. "Kinapita wapi?"

"Sijui," nikamjibu.

Akalia. Nami nikalia, vibaya, kwa kelele, mpaka mama mkwe akachungulia dirishani na kurudi ndani. Binti yetu akaja kuuliza nani kafa. Mama yake akamvuta mapajani, akamwambia alikuwa aje mdogo wako, hakufika. Mtoto akafikiri kidogo, akauliza kama alikuwa na jina.

Hakurudi na mimi. Usitegemee muujiza, mpenzi msomaji, hii si filamu. Alisema anataka kukaa kwa mama yake mpaka shule zikifunguliwa, na hajui bado atarudi na moyo gani. Mjomba aliridhika, alisema mkonge wenyewe unangoja miaka ndipo ukatwe. Nikarudi Dar peke yangu, nikala chakula cha friji. Mto niliuhamisha kutoka chumbani, nikauweka sebuleni, pale watu wanapopita.

Siku ya nne, jioni, nikiwa nimekwama kwenye foleni ya Ubungo, simu ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka kwake, dakika kumi na moja. Hajawahi kunitumia mrefu hivyo. Kidole changu kwa mazoea kikaenda chenyewe kwenye ile alama ya kasi mara mbili, sauti ikaanza kama kuku. Nikaurudisha mwanzo, kasi ya kawaida. Nusu dakika nzima hakusema kitu. Nilisikia upepo kwenye mwarobaini, na mchi wa mama mkwe, na yeye anavuta pumzi. Nyuma yangu wakaanza kupiga honi. Nikapandisha kioo.